Harufu ya Samaki Isiyo ya Samaki

Mhadhara uliotolewa Kipili, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mbele ya wenye kambi na nyumba za wageni, wavuvi na mafundi umeme. Umepunguzwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.

 

Kabla sijaanza, naomba kitu hiki kipite mkono kwa mkono hadi kwa wale waliokaa nyuma kabisa. Msiogope, hakiumi tena. Ni plagi ya buluu, ya duara, nene kama gunzi la mhindi, ya aina inayotumiwa na yale matrela ya kulala ya watalii, tunayoyaita karavani. Ina meno matatu. Lile nene ni la eathi, liacheni. Yanabaki mawili. Moja linang'aa kama lilivyotoka dukani. La pili limekuwa jeusi, na plastiki iliyolizunguka imevimba, ikapasuka, ikashika rangi ya ukoko wa ugali.

Sasa nisaidieni. Umeme uliopita kwenye jino jeusi ndio huohuo uliopita kwenye jino linalong'aa. Unaingia huku, unapita kwenye birika au kwenye kiyoyozi, unarudi huku. Njiani hauongezeki wala haupungui. Kama kosa lingekuwa umeme mwingi, meno yote mawili yangeungua. Kwa nini limeungua moja?

Plagi hii niliitoa hapahapa kwetu, kwenye kambi moja ya ufukweni. Sitaitaja, maana mwenyewe yumo humu ndani na ameshaninunulia soda. Walikuja wageni wawili watu wazima, mume na mke, kutoka Afrika Kusini. Karavani yao waliivuta kupitia Tunduma, Laela, Sumbawanga na Namanyere mpaka huku ziwani. Mnaijua safari hiyo. Juu Ufipa umevaa sweta, ukishuka huku unalivua. Na kipande cha barabara ya vumbi kinatikisa hata meno ya mdomoni, sembuse ya plagi. Jioni wakaunganishiwa umeme. Kiyoyozi kikawashwa, friji nayo, na ilipofika saa mbili usiku mama yule akaweka birika la chai.

Asubuhi nikaitwa. Karavani haikuungua, tushukuru, lakini plagi haikutoka kwenye soketi mpaka nilipoipasua. Nikamuuliza kijana aliyekuwa zamu.

"Usiku hukuona kitu?"

"Sikuona, mzee. Nilisikia harufu tu."

"Harufu gani?"

"Ya samaki. Nikajua ni dagaa wa jirani."

Ndugu zangu, kijana yule hakusema uongo. Plastiki ngumu zinazotengenezewa baadhi ya soketi, swichi na breka zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana sana na samaki. Mtu wa Dodoma akisikia harufu ya samaki chumbani saa tano usiku ataamka atafute inakotoka. Mtu wa Kipili atajigeuza upande wa pili alale. Huku tunaanika dagaa kutwa, tunalala nao, tunaamka nao. Pua ambayo ingetuokoa imezibwa na riziki yetu wenyewe.

Nikamuuliza tena: "Na breka je?"

"Breka haikukata, mzee. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi."

Hilo jibu la pili ndilo lililonileta mbele yenu jioni hii.

Sisi tuna neno moja la kubebea moto wote: shoti. Duka likiungua, shoti. Bweni likiungua, shoti. Na mkoa wetu una neno la akiba, radi. Watani zetu wa mikoa mingine wamesema sana kwamba Sumbawanga radi inaagizwa kama soda. Huko siingii leo. Radi ina masika yake, na ninayoizungumzia mimi inaunguza hata kiangazi.

Shoti ya kweli ni laivu kugusana na nyutro bila kupita kwenye kifaa chochote. Umeme unaruka hadi mamia ya ampea na breka inakata kufumba na kufumbua. Hilo breka inaliona. Ukichomeka vitu vingi kuliko uwezo wa laini, hilo nalo inaliona, japo kwa uzembe wake. Chukua birika la wati 2,000 na heta ya wati 2,000 kwenye volti 230: jumla ni ampea 17.4. Breka ya ampea 16, kwa kanuni inayotengenezewa, hailazimiki kukata mzigo huo hata baada ya saa nzima. Wengi wetu tunadhani ikifika 16 na nukta moja inaruka. Hairuki.

Lakini kuna kosa la tatu, ambalo mtaani halina hata jina, nami nitaliita mguso mbaya. Hapa umeme unaopita ni uleule wa halali, ampea 9 au 10. Breka kazi yake ni kuhisi ampea tu; haina habari kama kwenye skrubu moja ndani ya soketi kuna joto la kuivisha yai. Kwake mambo yote shwari, mpaka plastiki iyeyuke, laivu iiangukie nyutro, ndipo ishtuke na kukata. Basi, hapo shoti imetokea, na mkaguzi akija ataikuta na ataiandika. Ila shoti hiyo ni mtoto. Mama yake ni skrubu iliyolegea tangu mwaka jana.

Naomba dakika tano za hesabu, na anayezikimbia hesabu atoke nje akanunue karanga, arudi.

Mwaka 1841 Mwingereza mmoja, James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, alionyesha kwamba joto linalotoka kwenye waya linafuata ukinzani wake, na linafuata umeme uliozidishwa kwa wenyewe. Yaani umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Sasa plagi nzuri, iliyokaza, mguso wake una ukinzani mdogo mno, tuseme sehemu tano za elfu moja za omu, 0.005. Ipitishe ampea 13: 13 mara 13 ni 169, mara 0.005, unapata chini ya wati moja. Hiyo hata kidole hakiihisi. Jino likilegea au likishika kutu, ukinzani ukapanda hadi 0.1, umeme ni uleule, lakini joto sasa ni karibu wati 17. Mtasema wati 17 ni kitu gani, taa ya sebuleni inazidi. Nendeni kwa fundi redio pale sokoni mkatazame kile kichuma chake cha kulehemu. Vingi ni vya wati 25 au 30, na vinayeyusha risasi mbele ya macho yako. Sisi tumechukua zaidi ya nusu ya kichuma hicho, tukakifungia ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, tukakiacha usiku kucha.

Na taa hazififii. Ampea 13 kwenye ukinzani wa 0.1 zinapoteza volti 1.3 tu kati ya 230. Nani atayaona mapungufu ya volti moja, hasa sisi tulio mkiani mwa laini, tuliozoea umeme unaopanda na kushuka? Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umekuwa ukitoka Zambia, kupitia Mbala. Umetembea safari ndefu, na mwisho wa safari yote hiyo unakutana na skrubu ya fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Mzee mmoja aliniuliza wiki iliyopita, kitu kidogo hivyo kinawezaje kutoa joto kubwa. Nikamkumbusha malungu. Ninyi wenye asili ya Ufipa mnajua, mengine bado yamesimama huko juu: matanuru marefu ya udongo waliyoyeyushia chuma babu zetu, yakivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila kufukutwa. Baadaye chuma kile kilipelekwa kwenye tanuru dogo la pili ndipo mivukuto ikafanya kazi. Wazee wale walielewa kwamba joto halitaki kuni nyingi tu, linataka kufungiwa. Mkaa uliotawanywa uwanjani unakuchoma kidole, uleule ukiufungia ndani ya udongo unatoa chuma. Soketi yako iliyolegea ni ilungu dogo, ila hili umelijenga ukutani, karibu na pazia.

Na joto hilo likishaanza halirudi nyuma. Vile vibati vya ndani ya soketi vinavyolibana jino vinafanya kazi kama spiringi. Vikipashwa moto vinalegea. Vikilegea, mguso unapungua. Mguso ukipungua, shaba inavaa gamba jeusi, na gamba hilo linazuia umeme zaidi, joto linapanda, spiringi inalegea zaidi. Mipira ya waya tunayotumia, ile ya PVC, imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Ikizidi hapo inaanza kuwa laini, kisha inakauka na kukatika kama ganda la muhogo, na ikiungua hutoa moshi unaokaba koo.

Turudi kwenye plagi yetu. Nilipoipasua niliona skrubu ya lile jino jeusi inageuka kwa kucha. Nusu duara nzima. Ile ya jino linalong'aa ilihitaji bisibisi. Hilo ndilo jibu la swali langu la mwanzo. Barabara ilikuwa imeilegeza skrubu, na fundi aliyeifunga hapo nyuma alikuwa ameisaidia barabara: alizilehemu ncha za nyuzi za waya kabla ya kuzibana. Mafundi wenzangu, msinune, najua tunafanya hivyo kwa nia njema, nyuzi zionekane safi na zisitawanyike. Risasi ya kulehemu ni laini. Ukiibana kwa skrubu inatiririka polepole, siku kwa siku, mpaka skrubu inabaki imebana hewa. Bana nyuzi zenyewe, zisokote, au zivalishe kile kikofia cha bati kinachobanwa kwa koleo lake.

Kosa la pili lilikuwa la kambi, si la mgeni. Waya wa kupelekea umeme ulikuwa wa mita 25, wa milimita za mraba 1.5, kwenye roda, na ulitumika mita sita tu. Kilichobaki kilikaa kimeviringwa rodani, vizuri, kama kamba ya nanga. Waya huo ukipitisha ampea 13 unatoa karibu wati 98 za joto kwa urefu wake wote, kwenda na kurudi. Ukiutandaza chini, wati nne kwa kila mita, upepo wa ziwa unazichukua. Ukiuacha umeviringwa, sehemu kubwa ya wati hizo inakaa pamoja katikati ya roda. Kwenye roda nyingi pameandikwa uwezo wa aina mbili, wa waya ulioviringwa na wa waya uliotandazwa, na ule wa kwanza ni mdogo sana kuliko wa pili. Tandazeni waya wote. Ukionekana mchafu uwanjani, uonekane mchafu.

Tena upande mmoja wa waya ule palikuwa na plagi yetu ya kawaida ya mraba, ya ampea 13, na upande wa pili soketi ya buluu ya ampea 16. Mgeni anaona soketi ya 16, anajua ana wati 3,680 za kutumia, kama alivyozoea kwao. Hajui kwamba nyuma ya nyumba ameshikwa na plagi yenye mwisho wa wati 2,990. Mwambieni. Au, afadhali, wekeni laini yenye soketi ya buluu kuanzia kwenye boksi la breka, kwa waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi kulingana na umbali, yenye breka yake na kile kifaa kinachokata umeme ukivujia kwa mtu. Buluu yenyewe ina maana: ni volti 200 hadi 250. Haipo kwa urembo.

Siku moja atakuja mgeni na trela la Marekani. Hilo msiliguse kabla ya kuuliza. Yale ya kawaida ni ya volti 120 na ampea 30; ukiliunga moja kwa moja kwenye 230 utaunguza kila kilichomo. Nalitaja pia kwa sababu huko kwao kuungua kwa plagi hizo ni kilio cha kudumu cha wenye matrela, na sasa mnaweza kueleza kwa nini: volti ni karibu nusu ya zetu, kwa hiyo kazi ileile inataka karibu ampea mara mbili, na mguso mbovu uleule unatoa joto karibu mara nne.

Wavuvi mlionyamaza pale nyuma mkidhani leo ni siku ya wenye hoteli, hesabu hiyohiyo inawahusu ninyi kuliko wote. Mmeacha karabai, mmehamia taa za betri. Vizuri. Lakini betri ni ya volti 12. Taa za wati 100 kwa volti 12 zinakula zaidi ya ampea 8, sawasawa na birika la umeme la wati 1,900 nyumbani kwa mwalimu. Na mnaziunga kwa nini? Kwa vibanio vya meno, vilivyoshika unga mweupe, au waya uliosokotwa kwenye kichwa cha betri na kufungwa solotepu. Mmeshaona kibanio kinachemka hadi mpira unanuka. Mnasema betri ni mbovu. Betri nzima, kibanio ndicho kibovu: kisugueni hadi chuma king'ae, fungeni kwa nati, pakeni grisi kwa juu ili unyevu usiingie. Mkiwa katikati ya ziwa, na petroli ya injini iko miguuni, sihitaji kuendelea.

Basi tufanye nini, maana breka haioni na pua zetu zimejaa dagaa? Mkono umebaki.

Washa mzigo wako mkubwa, uache nusu saa. Kisha weka mgongo wa mkono juu ya plastiki ya plagi, na juu ya uso wa soketi, kwa nje tu, mkono ukiwa mkavu. Uvuguvugu unaruhusiwa. Kama huwezi kuuacha mkono hapo ukihesabu hadi kumi, kuna kitu ndani. Usiing'oe kwa hasira. Zima vifaa kwanza, zima breka, ndipo utoe plagi; kuitoa ikiwa na mzigo kunarusha cheche, na kila cheche inachimba kishimo kwenye jino, na vishimo hivyo ndivyo mguso mbaya wa kesho. Mwenye uwezo anunue kipimajoto cha kulenga kwa mbali, cha mafundi. Vile vya kuelekeza pajini tulivyovizoea wakati wa Korona vingi vimepangwa kwa joto la mwili wa mtu, plagi yenye nyuzi 90 vitaishangaa tu.

Jino likishakuwa jeusi halisuguliwi likarudi. Spiringi imekwisha. Na hapa ndipo watu wanapotupa fedha: wananunua plagi mpya na kuiingiza kwenye soketi ileile iliyoungua. Baada ya mwezi plagi mpya nayo nyeusi, wanalaumu duka. Badilisha vyote viwili, jike na dume, na waya uukate nyuma hadi ufike penye shaba nyekundu inayong'aa. Shaba iliyogeuka kahawia haiungwi. Na ile alumini inayoshuka kutoka kwenye nguzo haisokotwi na shaba kwa mkono hata siku moja. Kuna kiungio chake maalumu, na kazi ile ni ya TANESCO, siyo ya shemeji yako.

Mwenye karavani akiingia kwenu, kabla hajachomeka, mwombe uone skrubu zake. Wengi watafurahi. Wametoka mbali, wametikiswa, na hakuna aliyewaambia kwamba kilomita mia kadhaa za barabara ni sawa na mtu aliyekaa na bisibisi akilegeza. Mwenye kambi naye akaze zake walau kila msimu wa wageni unapoanza, breka kuu ikiwa imezimwa na kijana amesimama pale asije mtu akaiwasha. Fundi unayemwita mwombe leseni ya EWURA. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Kuna jambo moja linaniudhi na nitalisema nikiwa nimesimama. Tunajenga nyumba ya mamilioni, milango ya mninga, vigae vya kung'aa, halafu soketi tunamwambia fundi atafute za bei poa. Fundi naye anatafuta. Soketi nyepesi kama ganda la karanga, ukichomeka plagi inaingia yenyewe na inatoka yenyewe. Soketi nzuri inakataa kidogo. Unaisukuma, inakataa, kisha inashika. Ule ukaidi ndio unaoununua.

Yule mama wa Afrika Kusini alikaa siku nne zaidi. Tuliweka plagi mpya, soketi mpya, waya wote tukautandaza mpaka kwenye mwembe, na kila jioni mumewe alitoka kuipapasa plagi kama anayempima mtoto homa. Haikupata joto tena.

Plagi yangu imefika wapi? Imerudi, ahsante. Nitaiacha hapa mezani. Kila atakayetoka aipitie, aliguse jino jeusi kwanza, kisha lile linalong'aa. Na usiku wa leo, kabla hujalala, nenda kaiguse ya friza lako.